Vidonge vya keramiki: kwa nini unga mnene na unga laini huchanganywa pamoja

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu aliyeko Ruwi, Maskati, aliniletea ujumbe wa sauti usiku wa manane, saa za kwetu huku North York. Yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi, na kazi yake ya kumalizia masomo ni kutengeneza vidonge vya keramiki vilivyo vizito na vigumu. "Mjomba," aliniambia, "vidonge vyangu vyote kumi na mbili vimepasuka. Nimefuata hesabu ya kitabu, unga mnene sehemu saba, unga laini sehemu tatu. Mwalimu amenipa wiki tano tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

Nilimjibu asubuhi yake. Kisha nikaona majibu yale yanaweza kuwafaa na wengine, maana vijana wetu wengi wa Oman na Emirates sasa wanasoma fani hizi, na wazee wao wanawauliza "unasoma nini hasa?" bila ya kupata jibu linaloeleweka. Mimi nimefanya kazi ya keramiki kwa miaka mingi hapa Toronto, na kosa alilolifanya binti huyu nililifanya mimi kabla yake.

Kidonge cha keramiki ni kitu gani

Keramiki ni ndugu wa chungu. Ni unga wa madini unaoshindiliwa katika kalibu ukapata umbo, kisha ukachomwa katika tanuri kwa moto mkali mpaka chembe zake zikaungana kuwa kitu kimoja. Unga hauyeyuki. Chembe hugusana, zikaota shingo pale zinapogusana, shingo zikanenepa, na vitundu vilivyokuwa baina yao vikafungika kidogo kidogo. Mafundi huita hatua hii sintaringi.

Kidonge kikitoka tanurini huwa kidogo kuliko kilivyoingia. Ubora wake hupimwa kwanza kwa msongamano wake, yaani ana gramu ngapi katika kila sentimita moja ya ujazo. Alumina, ambayo ni oksidi ya alumini na ndiyo anayotumia binti yetu, isingekuwa na kitundu hata kimoja ingekuwa na gramu 3.98 hivi. Ukipata 3.86 umefika asilimia 97, na hiyo ni kazi nzuri. Ukipata 3.4 umeacha vitundu vingi: kidonge kitavunjika upesi, kitapitisha maji, na hakitastahamili umeme mkali.

Mzee wa Bahla na mwashi wa Unguja

Jambo la kuchanganya chembe kubwa na ndogo halikuanzia maabara. Waliojenga nyumba za mawe za Unguja walipanga mawe makubwa ya matumbawe kwanza, wakatia vijiwe vidogo katika nafasi zilizobaki, kisha wakaziba nafasi za mwisho kwa chokaa na udongo. Wangejaza ukuta kwa chokaa peke yake, ungenywea na kupasuka ulipokauka. Wangeweka mawe peke yake, ungejaa matundu.

Wafinyanzi nao wanalijua hilo. Vigae vya vyungu vilivyovunjika hupondwa vikatiwa katika udongo mpya, kwa sababu kigae kilichokwisha kuchomwa hakinywei tena, na kwa hiyo chungu kipya hakipasuki sana. Oman nako, saruji ya kienyeji inayoitwa saruj, iliyotumika kujengea aflaj na ngome, hutengenezwa kwa udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa. Aliyewahi kufika Bahla akawatazama wafinyanzi wakitayarisha udongo wao, basi ameshalisoma somo hili nusu.

Hesabu ya nafasi tupu

Hesabu yake ni nyepesi, na mnaweza kuifanya jikoni. Zamani nikiwapeleka wanangu katika Kituo cha Sayansi cha Ontario, hapa hapa Don Mills, lakini jengo lile lilifungwa mwezi wa Juni 2024, na tangu hapo sayansi yetu tunaifanya mezani.

Chukua chombo cha kioo cha lita moja, ukijaze dengu zile za duara, ukitikise. Kisha mimina maji kwa kipimo, upesi kabla dengu hazijaanza kunywa. Yataingia kiasi cha mililita 400, kidogo zaidi au pungufu. Ile ndiyo nafasi tupu. Sasa kausha chombo, jaza dengu nyingine, na badala ya maji mimina suji kidogo kidogo huku ukitikisa. Suji itaingia katika zile nafasi bila ya dengu kupanda juu. Chombo ni kile kile, lakini sasa kimebeba zaidi.

Kwa duara za ukubwa mmoja zilizomiminwa ovyo na kutikiswa vizuri, asilimia 64 hivi ya nafasi hujaa na asilimia 36 hubaki tupu. Tukitia duara ndogo sana katika ile 36, nazo zitajaza asilimia 64 ya nafasi yao, yaani 23. Jumla inakuwa 87. Na ukitazama sehemu za mchanganyiko, 64 kati ya 87 ni asilimia 73 ya chembe kubwa, na asilimia 27 ni ya ndogo. Hapo ndipo ilipotoka ile "saba kwa tatu" ya vitabuni.

Mtafiti wa Kimarekani R. K. McGeary alichapisha mwaka 1961 majaribio yake ya kupanga duara za chuma. Alionyesha kuwa chembe ndogo inapasa iwe angalau mara saba ndogo kuliko ile kubwa, ndipo iweze kupenya. Kwa ukubwa wa aina nne alijaza asilimia 95 ya nafasi kwa mtikiso tu, bila ya moto. Hakuwa akicheza. Wakati ule watu walikuwa wakitafuta njia ya kujaza unga wa nishati ya nyuklia moja kwa moja ndani ya mirija bila ya kutengeneza vidonge, na Warusi waliijaribu njia hiyo kwa miaka mingi katika mtambo wao wa BOR-60.

Faida iko wapi

Unga laini peke yake ukishindiliwa hufika asilimia 55 hivi kabla ya moto. Ili ufike 97, lazima kidonge kinywee. Ukipiga hesabu, kila upande utapungua kwa asilimia 17 hivi: kidonge cha milimita 12 kitabaki karibu milimita 10. Ukianza na asilimia 65, kupungua kunakuwa asilimia 12 au 13 tu. Kinachonywea kidogo hupinda kidogo, hupasuka kidogo, na vipimo vyake hukaribiana. Kwa fundi aliyeahidi vipande elfu vinavyolingana, tofauti hiyo ndiyo faida au hasara ya mwezi mzima.

Hapa ndipo nilipoanguka mimi

Nilipofika Kanada nilipata kazi ya majaribio ya miezi mitatu katika karakana moja ndogo ya keramiki hapa North York. Jina lake si muhimu. Vidonge vyao vya alumina vilikuwa vikipinda. Nami kwa ujana wangu nikasema dawa naijua: tuchanganye unga mnene na laini, sehemu 73 kwa 27. Nikachukua chembe za maikroni 40 na chembe za nusu maikroni, nikazitikisa pamoja katika ndoo, tukashindilia. Vidonge vibichi vikatoka vizito kuliko vyote vilivyowahi kutoka pale. Nikapiga simu nyumbani siku ile, nikamwambia mama kazi nimeipata.

Vilipotoka tanurini vilikuwa vibovu kuliko vya mwanzo. Havikupinda, ni kweli, lakini msongamano wake haukuvuka asilimia 80, na vingi vilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. Wino ukitiwa juu yake ulinywewa kama chaki.

Nililielewa kosa baadaye. Kujaa vizuri kabla ya moto ni jambo moja, na kuungana ndani ya moto ni jambo jingine. Mwanafizikia Conyers Herring alieleza mwaka 1950 kwamba muda wa chembe kuungana huongezeka upesi mno kadiri chembe inavyokuwa kubwa: chembe iliyo kubwa mara kumi inaweza kuhitaji muda mara elfu moja hadi elfu kumi. Zile chembe zangu za maikroni 40 kwa nyuzi 1,600 zilikuwa ni mawe tu. Unga laini uliozizunguka ulitaka kunywea, mawe yakakataa, na baina ya anayevuta na anayekataa pakapasuka.

Kosa la pili lilikuwa ile ndoo. Unga mkavu wa ukubwa mbalimbali ukitikiswa, chembe kubwa hupanda juu na ndogo huzama. Kila mpishi amewahi kuliona hilo katika kopo la njugu na chenga. Kwa hiyo kila kidonge kilikuwa na mchanganyiko wake mwenyewe. Nilidhani nimechanganya, kumbe nimepanga matabaka.

Ndugu wasomaji, binti yetu wa Ruwi alitumia chembe za maikroni 45, akazitikisa katika chupa. Nilipomsikiliza nilijiona mwenyewe.

Njia inayofaa

Hii ndiyo niliyomwandikia, kwa mpangilio:

1. Jua ukubwa wa unga wako kwanza. Usiamini maandishi ya mfuko. Vyuo vingi vina mashine ya kupima chembe kwa mwanga wa leza.

2. Dumisha uwiano wa mara saba au zaidi, lakini teremsha vyote viwili. Badala ya maikroni 45 na nusu, tumia maikroni 3 na 0.4. Chembe ya maikroni 3 bado inaweza kuungana kwa nyuzi 1,600. Ya 45 haiwezi.

3. Usianze na 73 kwa 27. Ile ni hesabu ya kujaa, si ya kuungana, nayo ni ya duara kamili. Unga wa kweli una pembe. Jaribu mnene asilimia 20, 40, 60 na 70, vidonge vitatu vitatu. Mara nyingi utakuta penye msongamano bora kabla ya moto sipo penye msongamano bora baada ya moto. Chagua hapo katikati.

4. Changanya ndani ya maji, si mkavu. Tumia pipa la kuzunguka lenye mipira ya alumina, kwa saa kadhaa, na utie dawa ya kuzuia chembe zisigandamane. Unga laini hupenda kufanya madonge, na donge la chembe ndogo hufanya ubaya ule ule wa chembe kubwa.

5. Tia gundi kidogo, asilimia moja au mbili, kausha huku ukikoroga ili chembe zisipate nafasi ya kutengana, kisha pitisha katika chekeche upate punje ndogo zinazomiminika kama sukari. Punje hizo ndizo zinazoingia katika kalibu.

6. Shindilia kwa nguvu ya tani moja hivi kwa kila sentimita ya mraba, na achia polepole. Ukiachia ghafla, kidonge hutoka na kofia juu yake, yaani tabaka linalobanduka.

7. Panda na moto taratibu mno mpaka nyuzi 600, digrii moja au mbili kwa dakika, ili gundi iungue na kutoka bila ya kupasua. Baada ya hapo unaweza kwenda digrii tano kwa dakika mpaka 1,600, ukae saa mbili, na kupoa kuwe kwa taratibu.

8. Vaa kinga ya pua, na futa meza kwa kitambaa kibichi. Usifagie. Unga ulio laini hivi hukaa hewani muda mrefu na huingia ndani ya mapafu.

Kupima kwa maji

Kipimo ni kile cha Archimedes. Pima kidonge kikavu. Kichemshe ndani ya maji ili maji yaingie katika vitundu vilivyo wazi, kiache kipoe, kisha kipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji, na mwisho kipime kibichi nje ya maji baada ya kukifuta kidogo. Tuseme kikavu ni gramu 7.60, ndani ya maji 5.65, na kibichi 7.62. Ujazo ni 7.62 kutoa 5.65, yaani sentimita 1.97 za ujazo. Gawa 7.60 kwa 1.97 upate 3.86. Hiyo ni asilimia 97. Na tofauti ya 7.62 na 7.60, ukiigawa kwa 1.97, inakwambia kuwa vitundu vilivyo wazi ni asilimia moja tu.

Vidonge vinavyowasha taa zetu

Kidonge cha keramiki mashuhuri kuliko vyote katika mji huu hakitengenezwi North York, bali kusini yake, katika Barabara ya Lansdowne. Huko kiwanda cha BWXT, ambacho mpaka mwisho wa mwaka 2016 kilikuwa cha GE Hitachi, kinatengeneza vidonge vya oksidi ya urani. Unga unatoka Port Hope, vidonge vinapelekwa Peterborough kufungwa katika matita ya mirija 37, kisha vinakwenda katika mitambo ya aina ya CANDU. Karibu nusu ya umeme wa jimbo la Ontario hutoka katika mitambo ya nyuklia, kwa hiyo hata taa ninayoandikia usiku huu ina sehemu yake. Wakaazi wengi wa mtaa ule wa Lansdowne walikuja kujua mwaka 2012 kuwa kiwanda kile ni cha nini, na mjadala ukawa mkubwa. Leseni yake ilihuishwa Disemba 2020 kwa miaka 10.

Kidonge kimoja cha CANDU kina kipenyo cha milimita 12 hivi na uzito wa gramu 20 hivi, ingawa ni kidogo kama ncha ya kidole. Unga wake ni laini mno, haumiminiki, kwa hiyo hushindiliwa kwanza kuwa vipande, vikavunjwa kuwa punje, vikachekechwa, ndipo vikaingia katika kalibu. Kisha huchomwa kwa nyuzi 1,700 hivi ndani ya gesi ya haidrojeni. Katika fani hii ni kawaida pia vidonge vilivyoharibika kurudishwa kuwa unga na kuchanganywa kwa kiasi na unga mpya. Ni kigae cha zamani ndani ya udongo mpya.

Huko nako msongamano ni jambo la maisha. Vitundu vingi hupunguza urani ndani ya kidonge na huzuia joto lisitoke. Lakini uimara wa vitundu vyenyewe ni muhimu pia. Mwaka 1972, katika mtambo wa Ginna, ng'ambo ya Ziwa Ontario upande wa Marekani, ilionekana kuwa vidonge viliendelea kunywea ndani ya mtambo, vikaacha mapengo, na mirija ikabonyea. Tangu hapo watengenezaji hutazama kwa makini kama kidonge kimekwisha kunywea kweli kabla hakijatoka kiwandani.

Na nyinyi mlioko Emirates, jambo hili liko nyumbani kwenu. Mitambo minne ya Barakah, katika eneo la Al Dhafra, Abu Dhabi, iliyoanza kutoa umeme Agosti 2020 na kukamilika kibiashara Septemba 2024, inatoa karibu robo ya umeme wa nchi. Ndani yake mna vidonge vya oksidi hiyo hiyo, ila urani yake imerutubishwa. Tanzania nayo, Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani huko Mkuju, wilaya ya Namtumbo, Ruvuma. Mwenye kuyajua haya leo hatakuwa mgeni kesho.

Alipofika binti yetu

Juzi ameniletea picha. Vidonge kumi na mbili vimepangwa ndani ya bati la biskuti, juu ya pamba. Mchanganyiko wake uliofaulu ni asilimia 40 ya chembe nene za maikroni 3 na 60 ya laini. Kumi vimevuka asilimia 96. Viwili vimetoka na kofia, maana siku ile aliharakisha kuachia mashine ili awahi kufutari kwa bibi yake.

Nimemwambia asivitupe vile viwili. Avikate, avipige picha, aviweke katika ukurasa wake wa mwisho na aeleze sababu. Mimi vya kwangu nilivitupa vyote kwa aibu, na mpaka leo natamani ningekuwa nacho japo kimoja cha kumwonyesha.

Mzazi ambaye mtoto wake anasoma fani hii naye amekwama, amsomee makala hii, kisha amuulize maswali mawili tu: unga wako mnene ni maikroni ngapi, na umeuchanganya mkavu au ndani ya maji? Wabillahi tawfiq.